Dada Aliyeifundisha Kompyuta Kubishana

Mwaka umezunguka, Dada, tangu asubuhi ile ya mvua ulipotutoka, na bado mtu hapa nyumbani akiuliza jambo gumu hujikuta amekigeukia kiti chako.

Makaburini jirani mmoja alimshika Baba mkono, akamwambia kanuni ya dunia ni mtoto kumzika mzazi. Baba akamjibu taratibu, "Kwa kawaida." Wengine hawakuelewa. Sisi tulielewa, tukalia upya, na mmoja wetu akacheka huku machozi yanamtoka, maana hilo lilikuwa neno lako, na ndilo tulilokutania nalo miaka yote: Bi Kwa Kawaida.

Kazi yako chuoni ilikuwa kuifundisha kompyuta kubishana kwa kanuni. Wenzako walitaka ijibu haraka. Wewe ulitaka itoe sababu, na ikubali kushindwa ikiletewa sababu iliyo nzito zaidi. Mdogo wako wa mwisho, aliyeishia shule ya msingi, alikuwa akimenya vitunguu jikoni huku wewe unachora mishale yako ya hoja ipi inapiga ipi, na hukuona taabu kumweleza.

"Duka likiwa linawaka taa, kwa kawaida liko wazi. Sawa?"

"Sawa, Dada."

"Haya. Mimi nakwambia mwenye duka yule husahau kuzima taa. Nimesema duka limefungwa?"

"Hujasema."

"Sasa nimefanya nini?"

Alifikiri mpaka kitunguu kikamliza. "Umeikata ile taa. Duka lenyewe bado hatujui."

Ulipiga meza kwa furaha, ukampa swali jingine na kitunguu kingine. Asante kwa hilo. Hukuwahi kumrahisishia kitu kwa kumwonea huruma.

Lakini shukrani yetu kubwa ni ya Jumapili ile ya vikombe. Baba alikuwa ameanguka karakanani, peke yake, katikati ya vyerehani vya watu alivyoletewa kutengeneza. Alipopata nafuu, kaka zako wakataka karakana ifungwe kabisa. Baba hakubisha. Alikaa tu anaitazama mikono yake, na kwa sisi tunaomjua, hilo lilitutisha kuliko kuanguka kwenyewe.

Ukatoa vikombe vyote kabatini. Kila hoja kikombe chake. Hoja ikijibiwa, kikombe kinafunikwa.

Kaka mkubwa akaweka cha kwanza: Baba ameanguka, ataanguka tena. Mama akaweka chake: alianguka kwa njaa, daktari kasema, akila hataanguka. Cha kaka mkubwa kikafunikwa. Kaka yako dereva akadakia na kikombe chake, "Atakula saa ngapi? Akishika kazi huyu hakumbuki chakula!" Cha Mama kikafunikwa, nawe papo hapo ukakifunua cha kaka mkubwa.

"Hicho si kilishakufa?" Mama akalalamika.

"Kilichokipiga nacho kimepigwa, Mama. Nini kinakizuia tena?"

Kaka mkubwa akatamba kama amenunua nyumba. Ndipo mdogo wako wa mwisho akaweka kikombe mbele ya kile cha dereva: "Nitakwenda naye kila siku. Atakula mbele yangu." Cha dereva chini, cha Mama juu, cha kaka mkubwa chini tena. Wakati huo wifi yako, mke wa kaka mkubwa, akaingia na birika, akakichukua kikombe kimoja, akajimiminia chai.

"Jamani, shemeji anakunywa hoja yangu!" dereva akapiga kelele. Hata Baba alitabasamu.

Mwisho zikabaki hoja mbili. Kaka zako: nyumbani ni salama kuliko karakanani, hata akisindikizwa. Mama: akikalishwa nyumbani atazimika kama taa. Kila kimoja kinakipiga kingine. Dereva akasema iulizwe kompyuta yako, na kweli ukaiwasha palepale mezani. Ikasema haijaamua.

"Kompyuta gani hii! Iko chuo kikuu na haijui!"

"Inajua kwamba haijui, kaka. Hoja zimetoshana nguvu. Hapa lazima mtu aseme kipi kina uzito zaidi kwake." Ukatutazama mmoja mmoja. "Na mwenye uzito huo hatujampa kikombe."

Tuliona aibu. Tulikuwa tumebishana juu ya Baba tangu asubuhi kama vile amesafiri. Ukampa kikombe chako mwenyewe, akakizungusha mkononi.

"Kuanguka naogopa," akasema. "Kukaa naogopa zaidi." Akakiweka upande wa Mama.

Karakana ikafunguliwa wiki iliyofuata. Mdogo wako alikwenda naye, akamlisha, na kwa kumtazama tu akajifunza kufunga mikanda, kunoa meno ya kusukuma kitambaa, kusikiliza cherehani kinavyolia kikikosa mafuta. Leo ni fundi anayeitwa fundi. Hukumpa kazi ile kwa mkono wako, Dada, lakini bila wewe mlango ungekuwa na kufuli.

Ulipoondoka, Baba alikaa ndani kwa majuma mengi. Asubuhi moja tukasikia hodi. Alikuwa kaka mkubwa, yule yule aliyetaka karakana ifungwe. Hakuleta hoja. Aliinama, akamvalisha Baba viatu, akazifunga kamba zake, akasema, "Twende, Baba. Watu wanangoja vyerehani vyao."

Baba akasimama.

Wanaokukumbuka kwa upendo na shukrani ni Baba na Mama, kaka yako mkubwa na wifi yako, kaka yako dereva, mdogo wako wa mwisho, watoto wanaokuita shangazi, pamoja na wanafunzi wako ambao bado wanakuja kutusalimu.

Pumzika, Dada. Maadamu tuna pumzi, umo mioyoni mwetu.