Kinanda Nilichobakiza

Jumanne, mwezi wa nane, 1976

Bora ningekiacha na vumbi lake.

Simba, ile nyumba ya ujana ya marehemu mwanangu Wandera, tumeibomoa leo, maana kwa mila yetu haiachwi imesimama mwenyewe akifa. Vinanda vyake vitatu vya umeme haviwezi kuenea nyumbani kwangu. Viwili nikampa Okumu, mwenzake wa bendi kule Malaba. Nikabakiza kile kidogo, kwa sababu kwenye hicho Wandera alitafuta mpaka akapata sauti ya litungu, lile zeze la nyuzi ambalo baba yake alikuwa akinipigia.

Nikakipangusa vizuri kwa kitambaa chenye maji, hata vile vidude vyake vya kuzungusha, kama sufuria ya wageni.

Okumu alipokuja kuchukua vyake, akakiwasha, akashtuka. "Mama! Nani amezungusha hivi vidude? Sauti ilikuwa imekaa hapa!"

"Mimi. Ulitaka nikae na uchafu, wewe mtu wa shati moja?"

Kumbe mahali kila kidude kilipoelekea ndipo sauti ilipokuwa. Hakuna aliyeniambia.

Okumu alizungusha mpaka jua likazama, jasho linamtoka, hata chai hakugusa. "Ilikuwa hivi, Mama?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ndiyo yenyewe, sasa njoo ule.

Haikuwa.