Kikombe cha Pili cha Maziwa

Jumatatu, 1 Aprili 1996
Hodan ametema tembe sasa hivi. Ameiokota mchangani, akampa mbuzi wa jirani. Mbuzi akala. Nimecheka, halafu nikaogopa. Ya leo imeenda hivyo. Mtoto wa miaka mitatu, nitamgombeza nini.

Mwezi wa pili huu tuko manyatta ya TB, vibanda vya wagonjwa nyuma ya hospitali ya serikali, Garissa. Dawa ni bure. Lakini ni miezi sita, usikose hata siku moja. Kikohozi cha Hodan kimepungua. Nafurahi.

Alhamisi, 4 Aprili
Dawa imekwisha. Sista Zainabu, muuguzi wetu, anasema Nairobi haijatuma, tungoje gari. Lini, hajui.

Wanawake wamebishana kutwa. Mama Ijabo anasema serikali imetuchoka, twende kwa kemisti, ukilipa unapata. Deqa, mgonjwa anayetembea kwa fimbo, akamjibu kwamba kemisti anakuuzia mpaka pesa yako iishe, si mpaka ugonjwa uishe. Mama Ijabo akamwuliza, "Na wewe serikali imekupa nini, walaal, dada yangu? Benchi la kungojea?" Tukacheka sote, hata Deqa. Niliona wote wawili wanasema kweli.

Jumapili, 7 Aprili
Hakuna gari. Mwili wa Hodan moto.

Jumanne, 9 Aprili
Baba yake, Abdi, amefika na lori kutoka Habaswein. Hakukaa hata kunywa chai. Amembeba Hodan mpaka kliniki ya kulipia karibu na soko. Ameshauza beberu. Pale kuna feni, kiti, hakuna foleni. Daktari hakuuliza mengi. Sindano siku tano na chupa ya dawa tamu. Hodan ameilamba. Hakutema.

Jumapili, 14 Aprili
Joto limeshuka! Mama mkwe alituma maziwa ya ngamia kwa lori. Hodan amemaliza kikombe, akaomba cha pili. Kwetu mgonjwa hupimwa hivyo. Akiomba cha pili, amepona.

Abdi alisema, "Serikali miezi miwili, hawa siku tano. Umeona?"

Nimeona.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua imenyesha upande wa Diff, ngamia wamehama. Tunaondoka. Sista Zainabu amenifuata mpaka kwenye lori, anasema siku tano si miezi sita, ndani ugonjwa bado upo. Nilimwona kama mtu anayetetea kazi yake. Naandika hili wazi: Abdi hakunilazimisha. Nilikubali mwenyewe.

Jumatano, 1 Mei
Malishoni. Majani kila mahali. Hodan amekimbiza ndama wa ngamia mpaka akaanguka. Mashavu yamerudi. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 23 Mei
Kikohozi kimerudi. Kikombe cha kwanza hamalizi.

Jumatano, 12 Juni
Garissa tena. Siku nne njiani.

Tulianza kliniki. Daktari yule yule. Safari hii alimwangalia vizuri, akasema hii ni TB, mpelekeni hospitali ya serikali. Abdi akamwuliza zile sindano zilikuwa za nini. Akasema za homa.

Huko serikali, Sista Zainabu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kumbe gari lilikuja siku mbili baada ya sisi kuondoka. Siku mbili! Deqa alingoja. Amenona, anatembea bila fimbo.

Sista anasema aliyekatiza dawa anaanza upya, na Hodan lazima apate sindano nyingine pamoja na tembe. Sindano hizo serikali haina. Kemisti anazo, za kununua, moja kila siku kwa miezi miwili. Tembe zenyewe zimekwisha tena. Serikali inatuma kwa kemisti, kliniki inatuma kwa serikali. Mtoto ni mmoja.

Abdi ameenda soko la mifugo.

Alhamisi, 13 Juni
Benchi. Hodan yuko mapajani, mwepesi, naandika daftari likiwa juu ya kichwa chake na hashtuki.

Asubuhi alifungua mdomo mwenyewe, kama sista alivyomfundisha. Anangoja tembe. Sina cha kuweka. Nilimtilia maji matone mawili. Akameza, akanionyesha ulimi mtupu ili nimsifu. Nilimsifu.

Wanasema labda gari litakuja wiki hii. Mimi bado naamini. Likija nitakaa hapa miezi yote, hata ngamia wahame mpaka wapi, na Abdi akija kutuchukua nitamwambia kikombe cha pili si kupona, kupona ni—

Sista anaita jina la Hodan, acha niende.