Mama Anajua Niko Buffalo

Jumanne usiku, lojini, India

Ilifaa nimwambie Mama kabla ya kupanda ndege. Lakini tangu Mama aanguke bafuni, dada yangu Furaha anamhudumia peke yake kule Louisville, Marekani, na niliogopa wangesema nisiende. Kwa hiyo wote niliwaambia niko mjini Buffalo, kwenye mafunzo ya kazi.

Asubuhi simbamarara alitoka majanini, akapita mbele ya gari letu la watalii. Simu ikatetemeka mfukoni: Mama. Nikaikata. Nilitaka kumtazama mnyama.

Baadaye tulipanda kwenye ngome moja ya zamani. Wenzangu walipokuwa wakipiga picha ukutani, nikampigia.

"Mwanangu, huko Buffalo kuna theluji. Umevaa vizuri?"

Nikaanza kulia. "Mama, siko Buffalo. Niko India, nimekuja kutembea tu."

Nikamsikia Furaha akiuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," Mama akamjibu. "Ndugu yako anasikia baridi." Kisha akaninong'oneza, "Bon, sawa, tembea. Lakini ukirudi, utamwambia Furaha wewe mwenyewe."

Donc, yaani sasa tunaomdanganya Furaha ni wawili, na mmoja nimemwingiza mimi.