Kerneli Mbichi na Arobaini ya Mjukuu

Ijumaa, Msambweni. Rasharasha tangu alfajiri, na moyo unanirukaruka kama nimeposa tena. (Mama Saumu asisome hapo.)

Kiraka kimeshika!

Basi nieleze kwa utaratibu. Ugonjwa wangu ni kujaribu kerneli mbichi, yaani kile kiini cha ndani kinachoendesha kompyuta nzima, kabla wenyewe hawajasema kimeiva. Mwaka bendera ya Uhuru ilipopandishwa, mimi nilifukuzwa shule kwa kufungua redio ya mwalimu nione nani anasema humo ndani. Sijapona mpaka leo.

Nina sharti moja. Kerneli mpya hukaa ndani siku arobaini, kama mzazi. Naitazama, naichosha kwa kazi, na ile ya zamani naiweka pembeni nipate pa kurudi. Ikivuka arobaini bila kuzimia, ndipo naiita thabiti.

Jumanne nikalivunja. Kerneli ya siku tatu tu, lakini ilikwenda mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Nikalewa. Nikaifuta ya zamani kwa mkono wangu mwenyewe.

Jana kompyuta ikawa bubu. Picha ipo, sauti hakuna.

Na leo baada ya swala, binti yetu Saumu, aliyeolewa Maskati, alikuwa atuonyeshe mtoto wake wa kwanza akitolewa nje, maana ametimiza arobaini. Simu zetu sisi wazee ni za tochi. Kompyuta ni hiyo moja, tena ni ya mama yake.

"Baba Saumu," mke wangu aliniambia asubuhi, taratibu, na akisema taratibu ndipo ninapomwogopa. "Nisipomsikia mjukuu wangu leo, utalala na hiyo kerneli yako. Na ikupikie."

Kumbe kuna mtu wa ng'ambo, sura yake siijui, naye amekwama palepale. Alikuwa ametuma kiraka, yaani marekebisho ya mistari mitatu ya msimbo, kwetu sisi wajaribuji. Nikakibandika, nikaanza kuijenga kerneli upya. Kompyuta yetu ni kikongwe kama mwenyewe. Kazi hiyo huichukua saa sita. Nilikwenda msikitini nimeiacha inapumua moto. Hotuba, Mungu anisamehe, sikusikia neno.

Niliporudi nikaiwasha. Saumu akatokea, midomo inacheza, kimya.

Halafu mtoto akalia!

Sijapata kufurahia kilio namna ile. Mama Saumu alipiga vigelegele hata jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Walizungumza saa nzima, na kompyuta haikukohoa.

Sasa wajaribuji wenzangu wanataka hukumu, kiraka kiingie kwenye kerneli ya wote au kirudi kwa mwenyewe. Kikiingia, jina la aliyekijaribu hubaki limeandikwa humo. Nimeitamani heshima hiyo miaka! Nikaandika ukweli: sauti imerudi, uthabiti bado siujui, kerneli ina saa moja tu duniani. Penye jina la mjaribuji nikaandika la Mama Saumu. Yeye ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimefumba macho.

Nilipomwambia, akanitazama juu mpaka chini. "Ikianguka na jina langu, mzee, tutajuana."

Mjukuu katoka ndani leo. Kerneli imeingia ndani leo. Siku arobaini, na safari hii sifuti kitu, sigusi kitu.

Ila alasiri hii imetoka kerneli nyingine, mpya kabisa.

Nitaweza kweli?