Madawati Arobaini, Bila Maua

Fereej Bin Mahmoud,
Doha, Qatar.
12 Februari 2021

Mpendwa ndugu yangu Japheth,

Habari za Kimilili? Natumai homa ya Mama imeshuka na goti lako limeacha kulia kama mlango. Mimi ni mzima, ila nimenenepa. Barakoa ya mwaka jana inanivuta masikio, nami nasingizia sabuni.

Barua hii nampa Carolyne, mwenzangu wa hotelini, anayekuja nyumbani kesho kwa likizo. Ningekupigia simu, lakini wewe ukianza kuambiwa ukweli mtandao hupotea ghafla.

Nimeisikiliza rekodi ya sauti uliyonitumia, dakika zote tisa. Serikali imeamua madawati ya shule yatengenezwe na mafundi wa mitaani ili watu wapate kazi tena baada ya korona. Ukapewa arobaini, ukawarudisha kazini Trevor na Omondi waliokaa miezi minane bila kibarua. Halafu mkaguzi akayakataa kumi ya kwanza. Usipoyarekebisha kufikia tarehe 23, kazi inaenda kwa fundi mwingine. Na wewe jibu lako ni nikutafutie kazi Doha!

Nilimpigia Jerusha wako nijue kisa. Alicheka mpaka akakohoa. "Wifi, huyu ndugu yako amechonga maua kwenye kila dawati, na hakuna mawili yenye kimo kimoja! Mkaguzi alipopima, bwana akanuna. Tangu Jumatano anakunywa chai akiangalia ukuta."

Usidhani nakucheka peke yako. Wiki yangu ya kwanza hapa hotelini nilikunja taulo za mgeni ziwe bata. Ukweli ni kwamba alifanana zaidi na buti lililonyeshewa. Msimamizi wangu Bella, Mganda mpole, akamkunjua taratibu. "Mama, nani amekuagiza bata? Tandika kama vyumba vingine, basi." Nilienda kulia chooni, mtu mzima na miaka yangu arobaini na minne.

Kisha korona ikaja, wageni wakatoweka, na serikali ya huku ikazijaza hoteli wasafiri wa karantini. Yetu ilipata kazi hiyo kwa sababu tuliweza kuandaa vyumba vyote kwa namna moja, tena haraka. Hao wasafiri ndio walionibakisha kazini. Hakuna hata mmoja aliyeulizia bata.

Kwa hiyo kazi sikutafutii. Ukipewa kazi ya ulinzi huku, si utachonga geti la watu?

Pigilia mchoro wa mkaguzi ukutani. Kata fremu moja sawasawa, zingine zote zipimwe kwayo. Habari za kufufua uchumi huwa tunazisikia redioni kama mvua ya nchi nyingine. Safari hii imenyesha uani kwako, nawe unatafuta mwavuli. Atakayeketi hapo ni mtoto wa darasa la pili, na anachotaka ni miguu yake ifike sakafuni.

Sina wasiwasi nawe hata kidogo. Mkono unaoweza kuchonga ua hauwezi kushindwa na mstari ulionyooka.

Ila nimeelewana na Jerusha: patasi ndogo ataificha hadi tarehe 23. Usimgombeze, amri ni yangu.

Nisalimie Mama, na Jerusha mlinzi wa patasi. Trevor na Omondi waambie Jumatatu wafike mapema, fundi wao haendi popote.

Mungu ainyooshe mikono yako, na mbao pia.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Nasimiyu