Sanduku la Filamu

Wifi yangu Nshobole,

Hapa Majengo watoto ni wazima, na maharagi yameanza kutoa maua. Mvua tu ndiyo inatusumbua.

Unakumbuka ile seri ya televizheni niliyocheza na kaka yako Constant, mimi bibi yake hata mule ndani? Waliikata pale anapotoka nyumbani akisema, "Ninarudi sasa hivi." Sasa wanataka kuifufua iwe filamu. Mutaa mzima unafurahi. Mimi sifurahi.

Wifi, unisamehe, nilikuficha. Constant alipanda pikipiki kwenda Rutshuru, huu ni mwezi wa tatu. Mara ya mwisho kunipigia simu alikuwa Kibati, njiani.

Papa anayetengeneza filamu anasema, kwa kuwa Constant hayuko, lazima bwana yule wa mule ndani ya seri afe. Mimi nikae matanga, ninyolewe kichwa kama mjane, na picha ya Constant iwekwe juu ya sanduku la maiti. Nilimwomba, "Muandike kwamba angali safarini." Akajibu, "Mama, ni muchezo tu. Watu wanataka mwisho."

Jana walishusha sanduku kwenye kiwanja chetu. Jirani yangu Mama Habineza akaja mbio na unga na makaa ya matanga, analia. Nikamwambia ni la filamu. Akanishika mikono: "Ndiyo, mwanangu. Pole." Unga wake ungali mulangoni, ninaogopa kuuingiza ndani.

Constant akikupigia, umwambie afike mbele ya Jumatatu. Siku hiyo wananinyoa.

Ni mimi, bibi ya Constant,
Uwizeye