Makoti Manne ya Rangi

Ghorofa ya pili, mlango wa tatu,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. U hali gani, na wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Na lile goti ulilolilalamikia kwenye simu, umelipeleka kwa daktari au bado unachechemea kwa ubishi? Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mgongo wangu unanikumbusha cherehani kila nikiinuka, lakini nainuka.

Baba anakula, analala, anaoga mwenyewe. Macho ndiyo yamekwisha kabisa. Ile presha ya macho haikumwachia hata kivuli, na tangu mvua zilipoanza hajui kama taa imewashwa au imezimwa. Nakwambia haya mapema kwa sababu kwenye simu yeye hujifanya anaona, anakusimulia mpaka mawingu.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Kwa simu nimejaribu mara mbili, na mara zote nimeishia kukuuliza kama huko kuna baridi.

Unawakumbuka wale watu wadogo wa plastiki aliokuja nao Baba kutoka ofisi ya wasanifu, enzi zile akitengeneza maketi, ile mifano midogo ya majengo. Sita, wote wa kalibu moja, wamesimama mikono ubavuni, urefu hauzidi kidole gumba. Akampa kila mmoja wetu wake: Babu, Shangazi, marehemu Mama, yeye mwenyewe, mimi na wewe. Na mtu akirudi nyumbani kutoka safari, hata kabla hajafungua begi, Baba alichukua brashi akampiga koti jipya la rangi. Mama na biashara yake ya nguo alikuwa haishi safari, kwa hiyo wa kwake alinenepa kwa rangi mpaka pua ikapotea. Mimi ambaye sikuwahi kwenda popote nilibaki na koti moja, lile la kwanza. Nilikuwa nikinuna, nawe ukinicheka.

Mwaka huu rangi ilianza kuchubuka. Nilikuwa nakuta vipande kwenye shuka la Baba, mara nyingine kwenye chai yake. Ukaniambia niivue rangi yote ya zamani niwapake upya, iwe zawadi yake, ukatuma na vikopo vya rangi. Wazo lilikuwa lako, mikono ilikuwa yangu, basi tugawane.

Spana, yule fundi magari wa hapo chini, alinipa mafuta ya breki kwenye kopo la jemu. Akasema yanakula rangi bila kugusa plastiki. Thina nilishaijaribu kwenye kifuniko cha kalamu, kikayeyuka kama mshumaa. Nikasubiri Baba atoke kwenda kukaa mlangoni, nikafungua sanduku lao. Walikuwa watano. Wa kwako hakuwemo. Nikadhani ameangukia nyuma ya kabati, nikasema nitamtafuta baadaye.

Walilowa kwenye mafuta usiku kucha. Nikavaa glavu, nikachukua mswaki wa zamani na kijiti cha meno, nikaanza kusugua juu ya beseni. Babu alitoka rangi haraka. Mimi nilitoka haraka kuliko wote, mswaki mara mbili, basi. Mama ndiye aliyenichelewesha. Ilitoka buluu, chini yake nyekundu, chini yake kijani, kisha buluu tena, na nikajua kabisa ninachokitazama: kila rangi ni siku aliyoingia mlangoni na mizigo yake. Nilijua, mdogo wangu, na mkono uliendelea kusugua. Nilitaka kuiona pua yake. Nilipoifikia, ilikuwa pua ile ile ya wote.

Nikawasuuza kwa sabuni, nikawaanika kwenye taulo pale mezani. Kabla sijafungua kopo hata moja la rangi, Baba akaja akipapasa kutafuta kikombe chake, vidole vikawakuta. Akamshika mmoja, akamgeuza, akamweka. Akamshika mwingine. Aliwapitia wote watano, kisha akaanza upya.

“Nani hawa?” akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu macho yamwache, alikuwa akitujua kwa unene wa rangi. Zile saa zote anazokaa na sanduku mapajani, mimi nikidhani anapoteza muda tu, alikuwa akiwapitia watu wake na safari zao. Nikamweleza nilichofanya. Nikamtia mmoja kiganjani, nikasema huyu ndiye Mama. Kusema kweli sikuwa na hakika, maana kwenye taulo walishachanganyika. Nimemdanganya baba yangu kipofu kuhusu mama yangu, na hilo nakuandikia wewe tu.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa wa kwako. Kumbe anatembea naye humo siku zote. Akapitisha ukucha begani, pale rangi ilipobanduka, akazihesabu ngazi zake moja moja.

“Huyu namjua,” akasema. “Makoti manne.”

La nne ni la miaka kumi na moja iliyopita, ulipokuja kumzika Mama.

Kisha akanyoosha mkono kunipa. “Msafishe na huyu. Asije akajiona mgeni kwa wenzake.”

Tangu siku hiyo hajaligusa sanduku. Anakaa dirishani mikono mitupu. Kila asubuhi ananiuliza kama umeshatoka rangi, nami namjibu kwamba bado umelowa, kwamba rangi yako ni ngumu. Huo ni uongo wa pili. Uko hapa karibu na cherehani, mkavu, na makoti yako yote. Wale watano sijawapaka. Nikiwapiga koti moja moja, wote watakuwa kama mimi.

Nimechoka, na nimekasirika, nawe unajua nikikasirika mwandiko wangu unakuwa mzuri. Sikuombi utume kitu. Vikopo vya rangi bado havijafunguliwa. Brashi ya Baba ilikuwa imekauka, nimeiloweka ikalainika. Mkono wake hautetemeki, na kati ya wale sita kuna mmoja tu ambaye angeweza kumpaka bila kumwona. Lakini siwezi kuendelea kumdanganya Baba mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo nakuuliza kama dada yako, na unijibu kwa mkono wako: nikutie kwenye mafuta, au nikungojee?

Msalimie sana wifi. Wakumbatie watoto, uwaambie babu yao anawauliza kila siku, ingawa hajawapaka hata koti moja. Shangazi anakusalimu kutoka kitandani kwake, na Spana naye, ambaye hajui amesaidia kufanya nini. Mungu akufungulie njia, na akishaifungua, usikae kuitazama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
mwenye koti moja.